Vuli Katika Milima ya Usambara

Ndugu msomaji, huku kwetu mwaka una misimu miwili ya mvua. Kuna masika, kuanzia Machi hadi Mei. Kuna vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Si nchi yote inayopata vuli. Ndugu zetu wa Dodoma, Singida na Songea wana msimu mmoja mrefu tu. Lakini sisi wa Tanga tunapata misimu yote miwili. Watu wa Kilimanjaro na wa kando ya Ziwa Viktoria nao ni hivyo hivyo.

Masika tunaifahamu. Vuli ni kama mgeni asiyetuma salamu. Mwaka 2022 ilichelewa, na ilipofika ikawa kidogo. Mwaka 2023 ilikuja kwa nguvu, kwa sababu ulikuwa mwaka wa El Nino. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang, vikafunika sehemu ya mji mdogo wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Pale mlima wenyewe ulimeguka. Hatuwezi kumlaumu mkulima wa Katesh. Lakini sisi tunaoishi milimani tulisikia habari ile, tukatazama juu ya nyumba zetu.

Mimi ni afisa ugani wa kilimo. Vijijini wananiita Bibi Shamba. Nyumbani kwangu ni Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal. Kila mwaka vuli inapoanza, kazi hunipeleka Mtae, kaskazini kabisa ya milima ya Usambara. Nitawaeleza safari yangu ya Novemba mwaka jana. Nilikwenda kwa kazi, lakini pia nilikwenda kwa marafiki.

Nyumbani kabla ya safari

Mwezi wa Novemba nyumba yangu haina nafasi ya kukaa. Maharage yanataka kupandwa. Kuni zinataka kuingizwa ndani kabla hazijalowa. Ghalani mahindi yamebaki magunia mawili, na sokoni debe limeanza kupanda bei. Kifungua mimba wetu alikuwa katika mtihani wa Kidato cha Nne. Alisoma usiku, sisi tukanong'ona kama tuna mgonjwa.

Mume wangu ni fundi cherehani. Kazi yake iko barazani, kwa hiyo mimi nikisafiri, yeye ndiye anayebaki na watoto. Wako wanaomcheka kwamba anapika. Yeye huwajibu kwamba tumbo la mtoto haliulizi ugali umesongwa na nani. Kabla sijaondoka tulipanga kazi. Mtoto wa pili akate majani ya ng'ombe. Mdogo awafungie kuku kabla ya giza, kwa sababu kicheche haogopi mvua. Mume wangu aende kwenye mkutano wa wazazi shuleni. Mimi nikafunga mzigo: buti, koti la mvua, kilo mbili za sukari, majani ya chai, sabuni, na kipimo changu cha miti mitatu ambacho nitakieleza baadaye.

Sukari na chai si za ofisi. Ni za wenyeji wangu. Huwezi kwenda kwa mtu vuli, wakati ghala lake linapungua, ukala chakula chake na mikono mitupu.

Njia ya Mtae

Pikipiki yangu niliiacha nyumbani. Njia ya Mtae ni ya udongo mwekundu, na udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni. Nilipanda basi la asubuhi. Kutoka Lushoto njia inapanda hadi Magamba, inapita kando ya msitu wa serikali. Pale baridi inaingia hadi kwenye mifupa. Wakati mwingine utawaona mbega juu ya miti, wenye manyoya marefu meupe kama shuka la sherehe. Siku ile ukungu ulikuwa mzito. Hatukuona hata mti.

Baada ya Magamba basi lilishuka na kupanda, likashuka na kupanda. Tulipofika Lukozi, malori yalikuwa yamejipanga. Lukozi ni soko la mboga. Kabichi, karoti, nyanya na viazi mviringo vinapakiwa hapo kwenda Dar es Salaam. Ukiona soko lile huwezi kusema Usambara ni maskini. Lakini tazama milima iliyozunguka. Mashamba yamepanda hadi kileleni. Mahali pengine mwinuko ni mkali hata mkulima anapalilia akiwa amejishika kwa mkono mmoja. Sahani ya kabichi inayoliwa Kariakoo imeanzia mahali kama hapo.

Basi lilikwama mara moja. Abiria tulishuka, wanaume wakasukuma, wanawake tukatafuta mawe ya kuweka chini ya magurudumu. Mama mmoja alikuwa na kapu la plamsi za kwanza, bado chungu kidogo. Aligawa kwa watoto waliokuwa wanalia. Tulifika Mtae mchana.

Mtae iko kwenye ukingo. Upande mmoja ni milima na mashamba. Upande wa pili ardhi inakatika ghafla, na chini kabisa unaona mbuga ya Mkomazi, kavu, ya rangi ya simba. Mbingu ikiwa safi utaona hata Kilimanjaro. Mgeni hushangaa kwamba watu wa juu wanavaa makoti na chini yao kuna jua kali. Mimi kila nikisimama pale huwa nafikiri jambo moja tu: maji yote ya mlima huu yanatafuta njia ya kushuka.

Shamba la juu na shamba la chini

Huko nina marafiki wawili. Sitawataja kwa majina, maana habari yao ni ya jamaa. Wa kwanza ni mzee wa miaka zaidi ya 70. Wa pili ni mama mjane, mke wa marehemu mdogo wake mzee huyo. Kwa hiyo ni mtu na shemeji yake. Mashamba yao yako kwenye mteremko mmoja. La mzee liko juu, la mama liko chini. Nyumba zao haziko mbali. Mtu akikohoa huku, kule anasikika.

Nilikwenda kwanza kwa mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti yangu. Karibu. Umefika na mvua, basi umefika na neema."

Nilimpa sukari. Nikauliza hali ya nyumba. Nikauliza hali ya shemeji. Mzee akatazama moto.

"Yuko," alisema. "Ila siku hizi hapiti hapa."

Nilikwenda kwa mama. Alinipokea kwa furaha, akaweka chungu cha viazi na maharage mekoni kabla sijakaa. Yeye huniita mwanangu. Alitaka habari za watoto wangu mmoja mmoja. Nilipotaja shemeji yake, alinyamaza, kisha akaniambia nivae buti zangu.

Twende nikakuonyeshe, alisema.

Ndugu msomaji, nilichokiona kinauma. Mama alikuwa amepanda maharage wiki tatu nyuma. Robo ya shamba ilikuwa imefunikwa na tope jekundu kutoka juu. Katikati palikuwa na korongo jipya, lenye kina cha goti langu. Mvua ya usiku mmoja ilifanya hivyo. Mbegu, mbolea ya samadi aliyobeba kichwani, na udongo wa juu wenye rutuba, vyote vilikuwa vimeteremka kuelekea mtoni. Ghala lake lilikuwa limebaki na debe tatu. Maharage yale ndiyo yaliyokuwa chakula cha Februari, na ada ya mjukuu.

Nilitazama juu. Shamba la mzee lilikuwa na matuta manne ya fanya juu. Yalichimbwa miaka ya 1980, wakati wa mradi wa SECAP, uliokuja Lushoto kuzuia mmomonyoko na kupanda miti. Mzee mwenyewe aliyachimba pamoja na marehemu mdogo wake. Sasa niliona mawili tu. Mawili ya chini yalikuwa yamesawazishwa. Majani yaliyoyashika yalikuwa yameng'olewa. Viazi vilipandwa kwa mistari inayoshuka moja kwa moja na mteremko, kama ngazi ya kuteremshia maji.

Hesabu ya kijana

Aliyefanya kazi ile ni mtoto wa mzee. Alirudi kutoka Dar es Salaam miaka miwili iliyopita, akapewa shamba alilime. Jioni nilikaa naye jikoni kwa baba yake. Mama yake alitupa chai ya tangawizi.

Nilimwuliza kwa nini. Hakuona haya, na mimi nilipenda hivyo.

"Dada, yale matuta yanakula shamba," alisema. "Nimepima. Mtaro, tuta na majani vinachukua nafasi ya mistari mitatu ya viazi. Mara mbili ni mistari sita. Nimenunua mbegu na mbolea kwa mkopo. Mwenye duka hahesabu matuta."

Hesabu yake haikuwa ya uongo. Sisi watu wa ugani mara nyingi tunasifu tuta kana kwamba halina gharama. Tuta linachukua ardhi. Linachukua nguvu pia, maana kuchimba mtaro wa futi 2 kwenda chini na futi 2 kwa upana, kuvuka shamba zima, ni kazi ya siku nyingi. Mtu mwenye robo eka anaona kila hatua inayopotea.

Lakini kijana alikuwa amehesabu mistari, hakuwa amehesabu udongo. Nilimwomba asubuhi twende naye kuangalia viazi vyake mwenyewe. Tulikwenda. Kwenye sehemu ya juu, iliyobaki na matuta, viazi vilikuwa na majani mapana ya kijani. Sehemu aliyosawazisha, mimea ilikuwa mifupi, na mingine mizizi ilikuwa nje. Mbolea aliyoikopa haikukaa shambani mwake. Ilishuka kwa mama mdogo wake, ikapita, ikaenda mtoni. Alichuchumaa pale kwa muda mrefu bila kusema kitu.

Ubaya wa vuli ni huo. Baada ya kiangazi shamba liko tupu. Ng'ombe wamekula mabua, jua limekausha majani. Mvua ya kwanza inapiga udongo usio na nguo. Masika yakifika angalau pana mimea ya kuvunja nguvu ya matone.

Kwa nini wazee hawapendi neno "matuta"

Mzee alituona kutoka nyumbani, akaja na fimbo yake. Nilidhani atamgombeza mwanawe. Badala yake alikaa juu ya jiwe, akaanza kueleza habari za zamani, na nadhani alitaka nisikie mimi zaidi kuliko kijana.

Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, si mbali na hapo. Watu walilazimishwa kulima matuta. Asiyelima alipigwa faini. Kazi kubwa iliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na kazi ya chakula cha nyumbani. Wananchi walikataa. Chuki ile iliingia katika madai ya uhuru, na mpango ukafa kabla ya mwaka 1961.

"Mama yangu alikuwa akisikia neno matuta anatema mate," mzee alisema. "Sisi tuliyachimba miaka ya themanini kwa sababu hakuna aliyetushika shingo. Tuliona kwa jirani, tukapenda. Kwa hiyo huyu sikumlazimisha kuyaacha."

Nilimwelewa. Tena Wasambaa wana maneno yao kwa jambo hili. Kuponya nchi wanaita kuzifya shi. Kuharibu nchi wanaita kubana shi. Zamani maneno hayo yalisemwa kuhusu wafalme wa Kikilindi na mvua. Watawala wakipatana, nchi inapona. Wakigombana, mvua inakosa, au inakuja kwa kuharibu. Mzee aliyatamka maneno yale huku akitazama korongo la shemeji yake, na hakuongeza neno.

Kipimo cha miti mitatu

Niliwaambia kwamba siendi kuamua kesi. Kesi za jamaa zina wazee wake. Mimi ningepima tu.

Kipimo chenyewe kila mtu anaweza kukitengeneza. Chukua miti miwili iliyonyooka, kila mmoja meta 2. Ifunge pamoja juu, itanue miguu chini. Funga mti wa tatu mfupi katikati, uvuke miguu yote miwili. Umbo lake ni kama herufi A. Kisha funga kamba juu kabisa, na mwisho wa kamba funga jiwe. Kamba iteremke mpaka chini ya ule mti wa katikati.

Sasa tafuta alama ya usawa. Simamisha kipimo, tia alama chini kwenye kila mguu. Tia alama nyingine pale kamba inapopita kwenye mti wa katikati. Geuza kipimo, mguu wa kulia uwe mahali pa wa kushoto. Tia alama tena pale kamba inapopita. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ukitembea shambani, kamba ikigusa hapo, miguu yote miwili iko sawa kwa urefu wa mlima. Piga kigingi. Zungusha mguu, endelea. Vigingi vitakuchorea mstari unaovuka mteremko bila kupanda wala kushuka. Juu ya mstari huo unachimba mtaro, na udongo wake unautupa upande wa juu. Ndiyo maana tunasema fanya juu. Panda majani juu ya tuta ili lishikwe na mizizi. Kadiri miaka inavyopita, udongo unajikusanya nyuma ya tuta, na mteremko unakuwa kama ngazi pana.

Kijana alishika kipimo. Mikono yake ni myepesi. Tulipofika kwenye tuta la pili, moja ya yale yaliyobaki, kamba ilihama. Tulirudia mara mbili. Tuta lilikuwa limezama sehemu ya kati kwa sababu njia ya kupitia ng'ombe ilikuwa imelikanyaga. Maji yote ya juu yalikuwa yanakusanyika hapo na kumwagika mahali pamoja. Chini yake hapakuwa na matuta ya kuyapokea. Ukifuata mstari kwa jicho, unafika kwenye korongo la mama.

Mzee aliuona mwenyewe. Njia ile ya ng'ombe ni yake.

Chakula cha nyumba mbili

Siku ile nilikula mara mbili, na ilinibidi. Nyumba mbili zimepika, mgeni ni mmoja, na kukataa moja ni kuchukua upande. Kwa mzee nilikula ugali na mnavu. Kwa mama nilikula viazi na maharage yaliyotiwa nazi, iliyoletwa na mkwe wake kutoka Tanga. Nilimweleza mama tulichokipima. Sikumwambia asamehe. Nilimwambia kamba ilisimama wapi.

Aliniuliza swali moja. "Wakichimba tena, majani watapata wapi? Walishayang'oa."

Ni kweli. Tuta bila majani haliishi masika mawili. Na mjini kuyanunua na kuyabeba hadi Mtae ni ghali. Mama alinyamaza, akakoroga chungu. Kwenye mpaka wa shamba lake ana majani ya Guatemala marefu kuliko mtu. Marehemu mume wake ndiye aliyeyapanda, kwa mche aliopewa na kaka yake.

Kesho yake asubuhi nilisikia sauti uani kwa mzee. Mama alikuwa amesimama nje ya mlango, hakuingia. Alikuwa amejitwisha mzigo wa vipande vya Guatemala, vimekatwa vizuri, kila kimoja na vifundo vitatu.

"Hodi," alisema.

"Karibu, shemeji," mzee alijibu. Alichelewa kidogo kujibu. Kisha akamwita mke wake atoe kigoda.

Hawakusema habari ya tope. Walizungumza habari ya mvua, na ya ng'ombe wa mama anayekaribia kuzaa. Walipomaliza chai, kijana alichukua jembe na sururu. Jirani wawili walikuja kwa msaragambo, baadaye wakawa watano, maana moshi wa chungu kikubwa unaonekana mbali. Mzee aliziba njia ya ng'ombe kwa miti, akasema ng'ombe watazunguka. Mama alidai jambo moja, na nililiunga mkono: majani ya tuta la chini yakikua, nusu ni ya ng'ombe wake. Pia walikubaliana kwamba maji yanayozidi yatolewe pembeni, kwenye mfereji uliopandwa nyasi unaoshuka mpakani, si katikati ya shamba la mtu. Maharage yaliyofunikwa hayakurudi. Kijana aliahidi gunia moja la viazi wakati wa kuvuna. Mama alisema ataliona likifika.

Jioni nilimpigia simu mume wangu. Mtihani wa hesabu umepita, mtoto anasema hajui kama amefaulu au ameshindwa. Kuku mmoja amechukuliwa. Mengine ni mazima.

Usiku ule mvua ilinyesha sana, kuanzia saa tano hadi karibu na alfajiri. Nilisikia mzee akifungua mlango mara mbili na kuufunga. Kulipokucha tulikwenda wote. Tuta la tatu lilikuwa limechimbwa lote, na maji yalisimama mtaroni, mekundu, yametulia, yakizama polepole. Tuta la nne lilikuwa limefika nusu. Upande usiochimbwa maji yalipita, lakini yalikuwa membamba. Mama alikuwa tayari shambani kwake, anafukua tope kwa mkono kutafuta mashina yaliyo hai. Aliyapata machache.

Nusu iliyobaki ina mawe makubwa. Kijana alisema ataimaliza kabla maharage hayajatoa maua.